Kuuliza Si Kuhukumu



Mkulima wa pamba hapa Bariadi akipeleka mzigo, husogea aone mzani unasoma ngapi. Hamtukani karani. Anataka kilo zake tu.

Novemba 2014 kamati ya Bunge chini ya Zitto Kabwe ilieleza jinsi zaidi ya shilingi bilioni 300 zilivyotoka kwenye akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu. Mbunge wa Bariadi Magharibi, Andrew Chenge, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, alitajwa kupokea bilioni 1.6. Walitajwa pia maaskofu wetu wawili. Hapo ndipo penye mtihani kwetu.

Amri ya saba inakataza wizi. Ya nane inakataza kumshuhudia mtu uongo. Ukishika ya saba peke yake, utamwita mtu mwizi, wakati Chenge hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa fedha hizo. Ukijificha nyuma ya ya nane, utasema "tusihukumu", kumbe unamkinga mkubwa asiulizwe.

Zakayo, tajiri wa kodi za Warumi, hakungoja tume. Alisimama mwenyewe, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu.

Basi wiki hii, wewe unayeshika daftari la michango ya jumuiya au VIWAWA, lifungue mbele ya wenzako kabla hujaulizwa. Ukizoea kupimwa ungali na elfu kumi, ukikabidhiwa mabilioni hutaukimbia mzani.

Bwana, utupe ujasiri wa kuuliza na unyenyekevu wa kuulizwa. Amina.