Pishi, Kilo na Haki ya Maskini

Zinapokaribia siku za mwisho za Ramadhani, baba wa nyumba anayeishi Al Khoudh hununua mchele kwa kilo, hali ya kuwa wajibu ulio juu yake umetajwa kwa pishi. Zakatul-fitri ni pishi moja kwa kila mtu, nayo ni vibaba vinne. Hicho ni kipimo cha ujazo, wala si cha uzani. Tende na mchele vikijaza chombo kimoja, mizanini havilingani.

Basi kilo ni tafsiri ya pishi, na waliokadiria wamekhitalifiana: wako waliosema kilo 2 na kidogo, na wako waliofikisha kilo 3. Na neno pishi nalo ni tafsiri ya swaa ya Madina. Aliyekulia Unguja anakijua kibaba cha mfuto na kibaba cha tele, na tofauti iliyo baina yao.

Khitilafu hii si ngeni. Abu Yusuf, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 182 Hijria (798), alishika kauli ya watu wa Iraq kuwa swaa ni ratili 8. Imepokewa kwamba alipofika Madina alionyeshwa vyombo ambavyo watu waliwarithi wazee wao, akavipima, akakuta ratili 5 na thuluthi. Akaiacha kauli yake. Hakufuata kikubwa wala kidogo, bali alifuata kilichothibiti.

Je, anayeshika kadirio dogo amekosa? Aliyemfuata mwanachuoni anayemwamini hana lawama. Lakini anayetaka kipimo kidogo anapotoa na kikubwa anapopokea, huyo ameingia katika onyo la Suratul-Mutaffifin. Lawama ya sura hiyo si juu ya udogo wa chombo, bali ni juu ya mkono mmoja kuwa na vyombo viwili.

Tena maskini hayupo pale hesabu inapofanywa, na hawezi kujitetea. Nyumba ya watu sita ikipunguza nusu kilo kwa kila mtu, ni kilo 3: kwao ni kitu kidogo, na kwa mwengine ni chakula cha watoto siku ya Idi. Kwa hivyo mwenye shaka na aongeze. Kilichozidi ni sadaka, na kilichopungua ni deni.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.