Fidia Ilikwenda kwa Nani

Nimefundisha historia Unguja miaka mingi. Vitabu vya shule huimaliza habari ya kufutwa kwa utumwa Zanzibar kwa sentensi moja: tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alifuta utumwa. Mimi huwasomea wanafunzi masharti ya ile amri, moja baada ya jingine.

Mtumwa aliyetaka uhuru ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuudai. Bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Yeye aliyepalilia mikarafuu miaka yote hakupata kitu. Tena, akishapewa uhuru, alitakiwa aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Wengi walibaki palepale shambani, wakimfanyia kazi mwenye shamba siku kadhaa kwa wiki ili wasiondolewe vibandani mwao. Masuria waliachwa mikononi mwa mabwana hadi 1909, kwa hoja kwamba ni kama wake wa ndoa. Na Uingereza iliyoishinikiza Zanzibar ilikwishapita njia hiyohiyo: sheria yake ya 1833 iliwatengea wamiliki pauni milioni 20.

Wapo watumwa waliokataa kwenda mahakamani, wakiamini kwamba wa kumwacha mtu huru ni bwana wake peke yake. Siwalaumu. Kumwacha mtumwa huru ni ibada, na Qur'ani imeifanya kafara ya kiapo kilichovunjwa na ya kuua kwa kukosea. Lakini Qur'ani hiyohiyo, katika Surat An-Nur, inamwamuru bwana amwandikie mkataba mtumwa anayetaka kujikomboa, kisha ampe katika mali aliyojaliwa na Mungu. Mali inatoka kwa bwana, inakwenda kwa mtumwa. Amri ya 1897 iliigeuza njia hiyo, na hiyo ni dhulma, japo imeandikwa ndani ya hati ya uhuru.

Ufutaji wenye mwanya kama huo haukuwa wa Zanzibar peke yake. Leo Marekani wapo wanaotaka magereza yafutwe, mwanaharakati Angela Davis akiwa mmoja wao. Wanakumbusha kuwa katiba yao, ilipopiga marufuku utumwa mwaka 1865, haikumkinga aliyetiwa hatiani kwa jinai. Wengi huwabeza, ila swali lao nalikubali: ukishafuta, unajenga nini mahali pake?

Kwetu jibu lilichelewa. Serikali ya Mzee Karume ilitaifisha ardhi na kugawa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, damu nyingi ikiwa imekwishamwagika. Eka hizo zilipaswa kutolewa 1897, na wa kuzitoa walikuwa mabwana, kwa wale waliozilima.