Nani aliyemhukumu mtoto kulala na majambazi?

"Mwache akae huko, Ustadhi. Akitoka atakuwa amekoma."

Maneno hayo niliambiwa na mzazi mmoja hapa Kasulu miaka michache iliyopita, nilipomfuata ili tuandamane kwenda kumdhamini mwanawe. Kijana mwenyewe alikuwa mwanafunzi wangu wa madrasa, ameshahifadhi Juzuu Amma, na alikamatwa kwa tuhuma za kuiba baiskeli ya mchuuzi wa maharage. Nami nikiri mbele yenu: siku mbili za mwanzo sikufanya lolote. Nilijiambia moyoni yale yale aliyoyasema baba yake.

Siku ya tatu ndipo nilipokwenda. Nilimkuta katika selo moja na watu wazima, akiwemo mtuhumiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwenye karatasi umri wake uliandikwa miaka 19. Mwili anao, ni kweli, na ukimwona kwa mbali utadhani mwanamume kamili, lakini daftari langu la madrasa lilionesha ana miaka 14. Sikumuuliza yaliyompata usiku. Niliona tu kwamba shati lake lilikuwa mwilini mwa mtu mwingine.

Tangu siku ile swali moja halinitoki kichwani. Ni nani hasa aliyetoa hukumu ile? Si hakimu, maana kesi ilikuwa haijafika mbele yake. Si sheria, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kifungu chake cha 119 kinakataza mtoto kupewa adhabu ya kifungo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao unataka mtoto aliyezuiliwa atenganishwe na watu wazima. Basi adhabu ile ya kulala na majambazi, ambayo haikuandikwa na mtu yeyote popote, ilitoka wapi?

Najua wapo watakaonijibu kwa dini. Wameshanijibu hata msikitini. Wanasema: hii miaka 18 ni ya wazungu, Uislamu unatazama baleghe, na kijana wa miaka 16 anayeiba anajua anachokifanya. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kalamu ya kuandika dhambi huinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, na baada ya hapo anaandikiwa. Abdullah bin Umar alipojitokeza kwenda vita vya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (s.a.w) hakumruhusu. Alipojitokeza Khandaq akiwa na 15, akamruhusu. Wanachuoni wengi wamechukua hapo mpaka wa utu uzima.

Lakini tazama vizuri kisa hicho kinasema nini. Mtoto alikuja mwenyewe, kwa hiari na kwa ushujaa, na jambo lenyewe lilikuwa la kheri. Bado akarudishwa nyumbani, kwa sababu pale palikuwa mahali pa wanaume. Ikiwa katika jambo la kheri mtoto hakuchanganywa na watu wazima, itakuwaje tumchanganye nao katika shari? Tubishane tukitaka kama mpaka ni 15 au 18. Ubishi huo ni juu ya nani aulizwe kwa kosa lake. Haumpi mtu yeyote ruhusa ya kumchagulia mtoto mwalimu wa wizi na kumfungia naye mlango. Hadithi ya muuza miski na mhunzi tunawasomesha watoto wetu kila mwaka. Tunaamini kweli kwamba sahibu humwambukiza sahibu wake, au tunaisomesha kwa ajili ya mtihani tu?

Mwingine alinitajia Nabii Yusuf (a.s), kwamba gereza halikumharibu. Ndugu yangu, huyo alikuwa analindwa na Mola wake kwa ajili ya Utume, na Qur'ani inatusimulia kufungwa kwake kuwa ni dhulma, baada ya waliomfunga kuziona dalili za kutokuwa na hatia. Hatukusimuliwa ili tuwaige wale wafungaji.

Sisemi mwenye baiskeli hakuwa na haki ya kukasirika. Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wake. Ila sheria haikusema mtoto aachiwe hivi hivi. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, inaweza kumtaka mzazi alipe fidia, inaweza kumpeleka shule ya maadilisho. Tatizo ni kwamba shule hiyo ni Irambo, huko Mbeya, na sheria ilipotungwa mahabusu za watoto zilikuwa katika miji michache kama Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya. Kigoma haikuwamo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua sehemu wanamozuiliwa watoto na kutoa ripoti mwaka 2011, ilikuta watoto wamechanganywa na wakubwa. Polisi mwenye selo moja utamlaumu, lakini utamlaumu nusu.

Nusu nyingine ni yetu. Yule askari aliandika 19 kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusema vinginevyo, na mtu huyo nilikuwa mimi. Ukanda huu wa Kasulu na Kibondo umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miaka mingi. Mtoto wa kambini anayekamatwa porini akitafuta kuni, ni nani atakayemletea daftari?

Kijana wangu aliachiwa kwa dhamana siku ile ile, baada ya daftari kuonekana na ofisa ustawi wa jamii kuitwa. Baba yake alikuja jioni, akalipa baiskeli kidogo kidogo mpaka ikaisha. Mimi tangu hapo naandika tarehe ya kuzaliwa ya kila mwanafunzi, na imamu anaweka nakala.

Mwezi uliopita mzazi mwingine alikuja ananiomba nimwongezee mwanawe miaka mitatu katika daftari hilo, apate kuendesha bodaboda. Nilimwambia aketi kwanza, nikaanza kumsimulia habari ya shati.