SILAHA NDOGO, JE, HUKUMU YAKE NI NDOGO?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Mama mmoja wa msikiti wetu alinijia baada ya sala ya alasiri, simu mkononi. Mtoto wake anaishi Birmingham, Uingereza. Ana kazi, ana mke, anasali. Alikuwa amemtumia mama yake picha ya chumba chake, na ukutani mwa chumba kile zimetundikwa bunduki kumi na moja. Mama hakusema neno. Aliilaza simu kifudifudi juu ya mkeka, akangoja mimi niseme.

Mama yule alilala porini na watoto wanne wakati wa vita vya 1998, akarudi na watatu. Sikuwa na haja ya kumwuliza kwa nini simu imelala kifudifudi.

Nikamwandikia kijana. Akanijibu kwa adabu na kwa urefu: «Imamu, hizi si bunduki za vita. Ni za upepo. Nguvu yake ni ndogo, hata serikali ya hapa hainidai cheti. Ninazikusanya kwa sababu zimetengenezwa kwa ufundi, na ninalenga shabaha siku za mapumziko. Ubaya wake ni nini?» Kwa ruhusa yake na ya mama yake ninajibu katika karatasi hii, maana swali lake linatuhusu na sisi. Kila siku tunasikia: ni uongo mdogo, ni riba ndogo, ni kofi dogo tu. Basi, kitu chenye nguvu ndogo kina hukumu ndogo?

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Ukichukua pampu ya baiskeli, ukaziba tundu lake kwa kidole, kisha ukaisukuma kwa nguvu, utasikia hewa inakisukuma kidole. Bunduki hizi zinafanya kazi kwa njia hiyo. Ndani yake mna springi nene na pistoni. Mwenye kulenga huvuta mtutu au wenzo mpaka springi ijikunje na kushikwa. Akibonyeza kifyatulio, springi inaachiliwa, pistoni inakwenda mbele kwa kasi, hewa inabanwa, na hewa hiyo inairusha punje ya risasi. Hakuna baruti wala moto.

Punje zenyewe zina vipenyo mbalimbali. Kinachopendwa zaidi ni milimita 4.5, kisha 5.5. Viko pia vya 5 na 6.35, lakini ni vichache. Ile ndogo ina uzito wa nusu gramu hivi, inakwenda mbio na njia yake imenyooka. Ile ya 5.5 inakaribia gramu 1, inakwenda polepole zaidi na kuanguka mapema, ila pigo lake ni zito. Wazee wa kazi hiyo Uingereza husema ndogo ni ya ndege, na kubwa ni ya mnyama mwenye manyoya. Kijana wetu anayo bunduki ya aina moja kwa 4.5 na kwa 5.5, na alikuwa anatafuta ya 5 ili safu ikamilike. Neno hilo, safu ikamilike, liwekeni akilini, nitalirudia.

Na majina yake, ndugu zangu, tunayo sisi wenyewe. Bunduki ni neno la Kiarabu. Bunduq ni tunda dogo gumu la mviringo, kisha Waarabu wakaita hivyo vidonge vya udongo walivyorusha kwa upinde kuwinda ndege. Na risasi kwa asili ni madini yale mazito laini ambayo punje hizi zinatengenezwa kwayo mpaka leo. (Madini hayo ni sumu. Mwenye kuyashika anawe mikono kabla ya kula.) Kwa hiyo tunapouliza hukumu ya kidonge kinachorushwa kwa upepo, hatuulizi jambo geni. Masahaba waliulizana.

Nianze na yaliyo mema, maana kijana hajakosea katika kila kitu. Kulenga shabaha kumesifiwa katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wanashindana kwa mishale akawatia moyo, na imepokewa kwamba aliyejifunza kulenga kisha akaacha, amelaumiwa. Na bunduki ya springi inafundisha jambo ambalo bunduki ya vita haifundishi. Kwa kuwa pistoni inaanza kwenda kabla punje haijatoka mtutuni, bunduki nzima inaruka nyuma na mbele wakati punje bado imo ndani. Ukiikamata kwa nguvu, unakosa. Inatakiwa ilale juu ya mkono kwa ulegevu, iachwe iruke inavyotaka, nawe utulie mpaka mwisho. Kijana ameniandikia kwamba ilimchukua mwaka mzima kujifunza kutoikaba. Namsadiki, na ninawajua watu wazima wengi, pamoja na mimi, ambao somo hilo lingewafaa.

Tena alikokaa ndiko kwenye asili ya kazi hiyo. Kampuni ya BSA ilianzishwa Birmingham mwaka 1861 kwa kutengeneza silaha za vita, na herufi ya kwanza ya jina lake ni ya mji huo. Mwaka 1905 ilianza kutengeneza bunduki za upepo kwa ubunifu wa fundi mmoja wa hapo, Lincoln Jeffries. Wajerumani nao wana Diana, iliyoanzia Rastatt mwaka 1890, na Weihrauch, ya mwaka 1899. Wafanyakazi wa Birmingham walikuwa wakishindana jioni kwa kulenga kitundu katika bamba la chuma, na punje ikipita, kengele iliyo nyuma inalia. Walifanyia hayo katika nyumba za pombe, basi Mwislamu atafute mahali pengine, ila mchezo wenyewe sioni kosa lake. Tangu miaka ya 1980 uko pia mchezo wa kulenga mabamba ya chuma yaliyokatwa kwa umbo la panya au sungura, yenye tundu la milimita 15 hadi 40, kwa umbali unaofika mita 50. Ukipenyeza tundu, bamba linaanguka. Wataniuliza habari ya sura za wanyama. Kitu kinachopigwa na kuangushwa hakitukuzwi, tusichoshane.

Ugumu unaanza pale shabaha inapokuwa na roho. Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana wa Kikureshi wamemfunga ndege wanamlenga, na kila mshale uliokosa ukawa wa mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika. Akawaambia kwamba Mtume amemlaani mwenye kufanya kiumbe hai kuwa shabaha. Na imepokewa kwamba shomoro aliyeuawa bure atalalamika mbele ya Mola wake Siku ya Kiyama, kwamba fulani aliniua wala hakuniua kwa faida. Panya anayeharibu chakula ni jambo jingine, kumwua kumeruhusiwa. Lakini tumeamriwa tukiua tuue vizuri, bila kutesa. Hapo udogo wa nguvu unageuka kuwa mzigo. Silaha yenye nguvu ikikosa kidogo, mnyama amekufa. Ile dhaifu ikikosa kidogo, anakimbia na punje tumboni, anakufa siku ya tatu mahali usipomwona. Mwenye silaha ndogo anatakiwa awe mlengaji bora na asogee karibu zaidi. Asiyeweza, asifyatue.

Na nyama yake je? Adi bin Hatim (r.a.) aliuliza habari ya silaha ya kurusha, akajibiwa kwamba kilichochomwa kwa ncha huliwa, na kilichokufa kwa kupigwa na ubavu wake hakiliwi, maana ni mfu wa pigo. Kwa msingi huo wengi wa wanachuoni wa zamani walikataza mnyama aliyekufa kwa kidonge cha udongo. Ilipokuja risasi ya baruti wakahitilafiana: wanachuoni wa Kimaliki wa baadaye waliihalalisha kwa kuwa inapenya, na wa kwetu wa Kishafi walibaki wakali. Punje ya upepo ni dhaifu kuliko risasi ya baruti, basi mimi nashika upande wa usalama: ukimkuta njiwa bado hai, mchinje na ule. Ukimkuta amekufa, mwache.

Sasa nije kwa neno lililonifanya niandike. Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe kwa vidole. Sababu aliyoitoa, kama alivyoipokea Abdullah bin Mughaffal, ni kwamba kijiwe hicho hakiwindi mnyama wala hakimdhuru adui, lakini kinavunja jino na kung'oa jicho. Fikirini vizuri. Hakukikataza kwa nguvu yake. Kingekuwa na nguvu kingekuwa na kazi. Kimekatazwa kwa sababu udhaifu wake unamtoa mtu hofu, na mtu asiye na hofu hatazami kijiwe kinapokwenda.

Hadithi hiyo sikuijifunza kitabuni kwanza. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, chuoni Kasongo, nilikuwa na manati ya mpira. Nilimlenga ndege juu ya mwembe. Jiwe liligonga tawi likamrudia mwenzangu aliyesimama kushoto kwangu. Mwalimu wetu hakunipiga, ndipo nikaogopa zaidi. Alinisomesha hadithi ile mpaka nikaijua kwa moyo, naye mwenzangu amekaa karibu na kitambaa usoni. Leo ni mkulima wa mpunga. Tukikutana sokoni anageuza kichwa chote ili anione. Hajawahi kunilaumu. Nami, tangu siku ile, nikisikia mtu anasema «ni kitu kidogo tu», naangalia kwanza nani amesimama kushoto kwake.

Kijana anasema nguvu ni ndogo. Sheria ya Uingereza inaruhusu bila cheti bunduki ya upepo isiyozidi juli 16 hivi, na mnunuzi awe ametimiza miaka 18. Juli 16 ni sawa na jiwe la kilo 1 lililoanguka kutoka mita moja na nusu na kidogo. Ni ndogo kweli, ila imekusanywa yote katika punje ndogo kuliko punje ya mahindi. Mwaka 2005, Glasgow, mtoto wa miaka 2 aliuawa kwa punje ya namna hiyo. Ndiyo maana Scotland ikatunga sheria yake, na kuanzia tarehe 31 Desemba 2016 kule huwezi kuwa nayo bila cheti.

Na sisi Wakongomani tunajua jambo hili kwa jina jingine. Mwaka 1996 vijana wadogo waliokuja na bunduki tuliwaita kadogo. Jina la mapenzi, kama unavyomwita mtoto wa nyumbani. Tulicheka nao, tukawapa ndizi. Nani kati yetu aliuliza kadogo amebeba nini na kadogo mwenyewe anabebeshwa nini?

Nimesema nitarudia neno la safu kukamilika. Kumiliki kitu kizuri si dhambi, na kutunza ufundi wa waliotangulia ni jambo jema. Bunduki za nyumbani za kutumia hazina zaka. Lakini zile anazonunua kwa nia ya kuuza, hizo ni bidhaa, na mwaka ukitimia, thamani yake ikifika nisabu, atatoa mbili na nusu kwa mia. Kijana alikuwa hajui, wala sidhani wengi wetu wenye vibanda tunajua. Zaidi ya hapo nilimwuliza moja: katika kumi na moja, ni ngapi umezilenga mwaka huu? Akajibu nne. Basi saba hazikuwa za kulenga. Zilikuwa za kuhesabu. Na ile ya kumi na mbili isingekamilisha kitu, kwa maana kiwanda hakiachi kutengeneza, wala moyo hauachi kuona pengo ukutani. Qurani imetuonya habari ya kushindana kwa wingi mpaka kaburini, wala haikubagua wingi wa nini.

Nilimwambia hivi: lenga chuma na karatasi. Usimwelekezee mtu hata kwa mzaha, hata ikiwa tupu, maana Malaika wanamlaani mwenye kumwelekezea nduguye chuma, awe ndugu wa baba na mama. Zifunge kwa ufunguo, una mtoto mdogo. Na ziondoe ukutani, kwa sababu mama yako anaziona kutoka hapa.

Alijibu baada ya wiki mbili. Ameuza tano. Nyingine zimo sandukuni, pamoja na moja ya kale ya BSA ambayo hakuweza kuachana nayo, na sikumlazimisha. Alimtumia mama yake picha ya pili: ukuta mtupu wenye alama za misumari. Mama alinionyesha, akaitazama muda mrefu, safari hii simu ikiwa wima. Kisha akaniuliza kama sandukuni kweli kuna kufuli.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.