Ajuaye Bei na Asiyeijua



Ndugu msomaji, tukisikia neno ghushi katika biashara, wengi wetu humkumbuka muuzaji peke yake: muuza maziwa atiaye maji, au muuza nafaka afichaye iliyolowa chini ya kavu. Na ni haki kumkumbuka, kwani Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina, akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu, akamkemea mwenyewe kwa maneno makali tuyajuayo sote. Lakini ni mara chache tunaulizana juu ya mnunuzi. Jee, mnunuzi naye aweza kumdhulumu muuzaji, hali ametoa bei ile ile aliyotajiwa, wala hakupunguza hata senti moja?

Swali hili niliulizwa na ndugu mmoja mtu wa pwani, fundi wa vyuma, aliyehamia Mzumbe, kama kilomita 20 hivi kutoka mjini Morogoro kwa njia ya Iringa. Alikuwa na kibanda nyumbani kwake, akichomelea milango na madirisha. Tamaa yake ya miaka mingi ilikuwa kupata mashine ya kukereza vyuma.

Wazee wetu wa mwambao walilijua kerezo la mti, ambalo kwalo zilitoka tendegu za vitanda. Kerezo la chuma ni jamaa yake aliyekua: pande la chuma hushikwa kwa taya, likazungushwa kwa nguvu ya mota, na kisu kigumu hupita kikilimenya mpaka liwe duara kamili. Mwenye mashine hiyo aweza kutengeneza shafti, bushi na bolti. Mashine ya kusaga ya kijijini ikivunjika shafti, watu hawana unga mpaka apatikane mtu wa kuikereza nyingine. Kwa hiyo ni chombo cha riziki ya mmoja na manufaa ya wengi, na Mwenyezi Mungu katika Surat al-Hadid ametukumbusha kwamba katika chuma mna nguvu kali na manufaa kwa watu.

Basi ndugu huyu alipata khabari kwamba fundi mmoja mzee, aliyekuwa na karakana yake si mbali na hapo, amefariki. Mjane wake, mwenye watoto wawili wadogo, anauza vyuma vilivyobaki. Alipofika akaonyeshwa, chini ya turubai na mavi ya kuku, kerezo kubwa la tani mbili. Mama yule akamwambia kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu wamekuja, wamekadiria uzito, wametaja bei ya kilo, na gari yao itarudi Jumamosi. Akimpa bei hiyo hiyo, na achukue yeye.

Aliniambia moyo wake ulidunda. Bei ile haikufika theluthi ya thamani ya mashine. Akarudi nyumbani kutafuta gari, na njiani nafsi yake ikaanza kumhoji. Ndipo akaja kwangu. Hoja zake zilikuwa tatu, na zote zina uzito. Kwanza, mama mwenyewe ndiye aliyetaja bei. Pili, asiponunua yeye, mashine itakatwa kwa gesi na kupelekwa tanuuni, na hapo hakuna atakayefaidi. Tatu, kuijua thamani ya mashine ni elimu aliyoitolea jasho miaka mingi, na elimu ni rasilimali kama rasilimali nyingine.

Tuanze na lililo zito. Mali ile ilikuwa ya nani? Mtu akifa, mali yake hutolewa madeni na wasia, kisha huwa ya warithi. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto, fungu lake ni thumuni. Yaliyobaki ni ya wengine, na hapa miongoni mwao wamo mayatima. Mali ya yatima si ya kuchezewa. Tumeamrishwa tusiikaribie ila kwa njia iliyo njema kabisa. Anayeisimamia hana ruhusa ya kuiuza kwa bei iliyopunjika mno, hata akiwa na haja, hata akiwa na nia safi. Kwa hiyo hoja ya kwanza imeanguka. Mama alitaja bei ya kitu ambacho sehemu kubwa yake si chake, na mnunuzi alijua asilolijua yeye.

Lakini tuseme hapakuwa na mayatima. Tuseme ni mtu mzima, anauza mali yake mwenyewe, wala haijui thamani yake. Jee, hapo ni halali kunyamaza?

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kupunjika bei peke yake, pasipokuwa na udanganyifu, hakuvunji biashara. Mtu akikubali, amekubali. Tusilifiche jambo hili, maana bila ya hivyo watu wangerudishiana bidhaa kila siku na soko lisingesimama. Ila tuangalie pia lile alilolikataza Mtume (s.a.w.), la kwenda kuipokea misafara nje ya mji na kununua kabla wenye mali hawajafika sokoni. Sababu yake ni nini, ikiwa si hii hii? Mnunuzi anaijua bei ya mji, na yule mwenye ngamia haijui. Na aliyenunuliwa hivyo alipewa khiyari: akifika sokoni akaijua bei, aweza kuvunja. Waishio chini ya milima ya Uluguru wanaijua sura ya jambo hili kwa macho yao, pale mama anaposhuka na ndizi zake kichwani tangu alfajiri, akapokewa njiani na mchuuzi anayemwambia kuwa leo soko limelala.

Nabii Shuaib (a.s.) naye aliwakataza watu wa Madyan kupunja vipimo, na pamoja na hayo akawakataza kuvipunguza thamani vitu vya watu. Kupunja kipimo ni kosa la muuzaji. Kukishusha kitu cha mtu, ukisema ni kutu tupu hali unajua ni mashine nzima, hilo ni kosa la mnunuzi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, katika Ihya alitenga mambo mawili katika biashara. La kwanza ni uadilifu, ambao humwokoa mtu na dhulma. La pili ni ihsani, nayo ni kutenda wema zaidi ya unaodaiwa. Na ihsani hii si ndoto ya vitabuni. Sahaba Jarir bin Abdillahi (r.a.) alinunuliwa farasi na mtumishi wake kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi, alimwendea mwenyewe akamwambia kuwa mnyama wake ana thamani zaidi, akawa anaongeza mwenyewe mpaka akampa 800. Alikuwa amemwahidi Mtume (s.a.w.) kumtakia kheri kila Mwislamu, na hakuona kuwa ahadi ile yakoma mlangoni mwa soko.

Sasa hoja ya elimu. Hii ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwani fundi asiyelipwa kwa elimu yake amedhulumiwa. Lakini elimu ya fundi iko katika kukereza. Akilichukua pande la chuma akalifanya shafti, thamani imeongezeka duniani, naye astahiki ujira wake na aupange kwa haki. Kumnyamazia mjane hakuongezi thamani yoyote. Mashine ni ile ile asubuhi na jioni; kilichohama ni mali ya yule kuja kwa huyu. Faida ya namna hiyo haikutoka katika ujuzi wa mnunuzi. Imetoka katika kutojua kwa mwenzake.

Na hoja ya tanuu? Ni kweli, kuiokoa mashine ni jambo jema. Lakini aliyeokoa mali ya mtu isiungue hajawa mwenye mali.

Nilimkumbusha kisa kisimuliwacho cha Imamu Abu Hanifa, ambaye mwanamke alimletea nguo ya hariri akitaka 100. Imamu akamwambia ina thamani zaidi, naye akapanda mia baada ya mia mpaka 400, kisha akadhani anachezewa. Imamu akamwambia alete mtu wa kuikadiria, na mwisho akainunua kwa 500. Hekima ya kisa hiki iko katika yule mtu wa tatu. Ajuaye asiwe hakimu wa nafsi yake, kwani nafsi ina mizani yake.

Akafanya hivyo. Alimwita ndugu wa marehemu, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, na pande zote mbili zikakubaliana juu ya fundi mmoja wa mjini Morogoro. Fundi huyo akakereza pande la chuma akalipima ncha zote mbili, na vipimo havikulingana. Kitanda cha mashine kilikuwa kimelika karibu na taya, mahali ambapo kazi nyingi hufanyika. Aibu hiyo nayo ikatajwa mbele ya wote, maana insafu ni ya pande zote mbili, wala haikumpasa mnunuzi kulipa bei ya mashine isiyo na kasoro. Bei iliyokatwa ilikuwa chini ya ile aliyoihofia, na zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma chakavu. Hakuwa nayo yote. Alitoa nusu, na nusu ikaandikwa kwa mashahidi, kama Mwenyezi Mungu alivyotufundisha katika Suratul Baqara.

Msomaji asidhani kuwa mambo yalimnyookea papo hapo. Fedha ya mota na ya kuvuta umeme wa nguvu ilikuwa imekwenda katika bei, mashine ikakaa kimya zaidi ya mwaka, naye akaendelea kuchomelea madirisha na kulipa deni. Aliniambia kuwa ziko nyakati alizojuta. Sikumlaumu, kwani kujuta fedha ni tabia ya binadamu, na amali yake ilikuwa imekwisha kutangulia.

Basi, ndugu yangu, kesho ukisimama mbele ya mtu anayeuza shamba la babaye, pambo la mamaye au chombo asichokijua, nawe unakijua, jiulize jambo moja. Lau angelijua ninalolijua mimi, angelikubali? Ikiwa jibu ni la, mwambie, au umtafutie wa kumwambia.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali yenye baraka, na atuepushe na kula mali za mayatima kwa kujua au kwa kunyamaza. Amin.