Ushindi Si Hukumu ya Mungu

Usukumani, kuanzia Sapiwi na Bariadi hadi mwambao wa Ziwa Victoria, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vikishindana hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watazamaji wengi zaidi ndiye mshindi. Watu husema dawa yake ilikuwa kali, ingawa kilichoonekana ni umati tu. Uwanjani fikra hiyo haimdhuru mtu. Ikihamia vitani, dawa ikaitwa Mungu na watazamaji wakawa maiti, inageuka leseni: aliyeshinda alikuwa na haki, na aliyeshindwa alistahili yaliyompata. Ninashikilia kwamba ushindi wa vita hauonyeshi Mungu yuko upande gani, na kwamba anayeutumia kama ushahidi mara nyingi anakwepa kuulizwa aliyoyatenda.

Tuchukue Ngome ya Yesu, Mombasa. Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman, yakiungwa mkono na watu wa Pate, yaliizingira ngome hiyo ya Wareno, nayo ikaanguka Desemba 1698. Ni rahisi kuvisimulia vita hivyo kama mapambano ya Uislamu na Ukristo yaliyoamuliwa mbinguni. Lakini humo ngomeni walikuwamo Waislamu wengi wa pwani, na mwaka 1697, maradhi yalipowamaliza maafisa wa Kireno, aliyeongoza ulinzi kwa muda ni Daud wa Faza, Mwislamu. Uhasama wa miji ya Faza na Pate ulimpeleka mahali ambapo dini yake isingempeleka. Walinzi nao waliangushwa na maradhi zaidi kuliko risasi, na meli za msaada kutoka Goa zilifika siku chache baada ya ngome kutekwa. Kama matokeo yale yalikuwa hukumu ya Mungu, basi hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 1728, Wareno walipoitwaa tena ngome, safari hii kwa msaada wa Pate ileile, kisha ikatenguliwa tena mwaka 1729 walipofukuzwa.

Ulaya ya karne hiyohiyo inatoa ushahidi unaofanana. Novemba 1659, huko Nyborg katika kisiwa cha Fyn, jeshi la Denmark na washirika wake liliwashinda Waswidi. Denmark na Uswidi zote zilikuwa za Kilutheri, lakini katika jeshi la washirika walikuwamo askari wa Poland na wa Kaisari wa Vienna, watawala wa Kikatoliki. Mlutheri alimpiga Mlutheri mwenzake kwa mkono wa Mkatoliki. Aliyetaka kumwona Mungu akitetea madhehebu yake pale asingejua aangalie safu ipi. Tena ushindi huo haukuirudishia Denmark jimbo la Skåne, ambalo kwa mkataba wa mwaka 1660 lilibaki mikononi mwa Uswidi.

Muumini atapinga kwamba vitabu vitakatifu vyenyewe vinasimulia Mungu akitoa ushindi. Ni kweli, lakini vinasimulia na kushindwa. Waislamu walioshinda Badr mwaka 624 walipata pigo Uhud mwaka 625, na hawakuhitimisha kwamba haki imehamia kwa Makuraishi. Katika Biblia, Yosia, mfalme aliyesifiwa kwa uchaji, aliuawa Megido. Kama ushindi ungekuwa kipimo, waumini hao wangelazimika kuikana imani yao siku ya msiba. Mwingine atauliza: basi askari aombe dua ya nini? Dua ni ombi, na anayeomba hajawa hakimu. Anaweza kuomba apate kushinda, na aombe vilevile asimdhulumu mateka atakapokuwa ameshinda.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba tukiuondoa ushindi mizanini, historia inabaki bila haki. Ninaona kinyume chake. Anayeamini kwamba mshindi ana haki hana swali la kumuuliza Mreno aliyewatoza watu wa pwani ushuru kwa nguvu, wala Mwomani aliyechukua nafasi yake, kwa kuwa kila mmoja kwa zamu yake alishinda. Anayekataa imani hiyo anaweza kuwauliza wote wawili maswali yaleyale: mlipigania nini, mliwatendea nini wasiokuwa na silaha, na mlitawala vipi baada ya bunduki kunyamaza? Maswali hayo, matendo yao yanaweza kuyajibu. Matokeo ya vita hayawezi.