Ua na Mgeni Wake

Je, abadilikaye ugenini ameisaliti asili yake? Tulitazame ua la akwilegia. Katika Asia na Ulaya, jamaa zake wengi wana rangi ya buluu au zambarau, na mgeni wao ni nyuki. Ukoo huo ulipofika Amerika Kaskazini ulikuta ndege wavumaji. Maua mengi yakawa mekundu. Kisha, kwa ajili ya nondo, mengine yakawa meupe au manjano, na mirija ya mbochi ikarefuka. Mwaka 2007, Whittall na Hodges walionesha kuwa mageuzi hayo huelekea upande mmoja.

Ua halikuchagua, lililotembelewa ndilo lililoacha mbegu. Mwanadamu huchagua, naye ndiye wa kuulizwa: umeacha rangi, au umeacha ukoo?